SOMO LETU: NANI ANA AMRI YA KUSIMAMISHA NYUNDO?



Somo la safari hii linatupeleka mbali, kwenye bahari ya kaskazini ya Ulaya na pwani ya mashariki ya Marekani. Huko imejengwa mitambo mikubwa ya upepo ndani ya maji kwa ajili ya kutoa umeme. Na huko huko wameajiriwa watu, na zimebuniwa mashine, kwa kazi moja tu: kutazama na kusikiliza kama kuna pomboo, sili au nyangumi karibu, ili kazi isimamishwe kabla mnyama hajaumia.

Wenzetu wengine watauliza: sisi wa viwanda vya nguo na sukari, sisi wa mashamba ya chai na miwa, sisi tunaoishi Uganda mbali na bahari, mambo ya pomboo yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili. Katika kazi hiyo mtu asiye na cheo kikubwa amepewa haki ya kusema "Simama", na nyundo ya mamilioni ya fedha ikasimama. Haki ya namna hiyo vyama vya wafanyakazi vimeidai miaka mingi. Tukielewa jinsi ilivyopatikana huko na jinsi inavyolindwa, tutajua la kudai kwetu.

Tusome pole pole. Tawi lenye msomaji mzuri lisome kwa sauti, halafu wanachama wajibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

1. Mitambo yenyewe

Mtambo wa upepo ni mnara mrefu wenye mapanga matatu juu yake. Upepo ukiyasukuma mapanga yanazunguka, na mzunguko huo unaendesha jenereta inayotoa umeme. Majirani zetu wa Kenya wanayo nchi kavu: karibu na Ziwa Turkana kuna mitambo 365 katika eneo moja.

Watu wa Ulaya waliona kwamba ardhi yao ni haba, na kwamba upepo wa baharini ni mkali na haukatiki ovyo. Kwa hiyo wakaipeleka mitambo baharini. Wa kwanza walikuwa watu wa Denmark. Mwaka 1991 walijenga mitambo 11 mahali panapoitwa Vindeby. Ilifanya kazi mpaka ikazeeka, na mwaka 2017 ikang'olewa. Mwaka 2002 walijenga mitambo 80 mahali panapoitwa Horns Rev. Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zikafuata, kisha China na Marekani.

Mtambo hauwezi kusimama baharini bila msingi. Njia iliyotumika zaidi ni kupigilia bomba la chuma kwenye sakafu ya bahari. Msidhani ni bomba la kawaida. Mabomba ya siku hizi yanaweza kuwa na upana wa mita 8 na zaidi. Lori lingepita ndani yake bila kugusa ukuta. Meli maalumu hulisimamisha bomba hilo, halafu nyundo kubwa ya mtambo hulipiga mara maelfu, kwa saa moja, mbili au zaidi, mpaka lizame barabara. Kisha meli inahamia bomba la pili, na la tatu, mpaka uwanja wote ukamilike.

Hapo ndipo ubaya unapoanzia. Shida kubwa zaidi iko kwenye nyundo wakati wa ujenzi. Mlio wa mapanga baadaye ni mdogo sana ukiulinganisha na nyundo hiyo.

2. Sauti ndani ya maji

Katika hewa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika maji husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, na hufika mbali zaidi. Kwa hiyo pigo la nyundo baharini husikika kilometa nyingi kutoka mahali pa kazi.

Tumchukue mnyama mmoja kuwa mfano. Katika bahari ya kaskazini ya Ulaya kuna mnyama wa jamii ya pomboo, mdogo kuliko wote wa huko. Urefu wake ni kama mita moja na nusu, na uzito wake ni kama kilo 50 au 60, sawa na gunia la sukari. Mnyama huyu hutafuta chakula kwa sauti, kama popo afanyavyo usiku. Hutoa milio mifupi, na mwangwi ukirudi unamwambia samaki yuko wapi. Milio hiyo ina mitetemo kama 130,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu haliwezi kupita mitetemo 20,000. Hata tukizama karibu naye hatusikii kitu.

Kwa kuwa ni mdogo na maji ya huko ni baridi, inambidi ale mara kwa mara, mchana na usiku. Akifukuzwa penye samaki anashinda njaa. Akiharibiwa masikio ni sawa na mtu aliyepofuka macho.

Wataalamu waliofuatilia kazi ya Horns Rev nchini Denmark, na ile ya Alpha Ventus nchini Ujerumani iliyojengwa mwaka 2009, waliona kwamba nyundo ikianza wanyama hawa hukimbia, na ukimya wao huonekana mpaka umbali wa kilometa 20 hivi. Baada ya nyundo kunyamaza hurudi, wengine baada ya saa chache, na karibu na mahali pa kazi baada ya siku moja mpaka tatu.

Wenzetu wa mitambo ya kufumia nguo wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Ukitoka zamu masikio yanavuma, na mwenzako akikuita husikii vizuri. Asubuhi yake yamerudi. Lakini yakipigwa hivyo mwaka hadi mwaka, hufika siku yasirudi tena. Nchini Denmark, mjini Kerteminde, wataalamu walipima masikio ya pomboo mdogo aliyefugwa, ili wajue ni sauti kali kiasi gani inayopunguza usikivu wake kwa muda. Matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Mnyama akapimwa, na kipimo chake kikatumika kutunga sheria. Hebu tujiulize: kati yetu ni wangapi waliowahi kupimwa masikio?

3. Mashine za kusikiliza

Sasa tuangalie vyombo vyenyewe. Viko vya aina mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha somo.

Aina ya kwanza ni chombo kinachoandika na kunyamaza. Huko Cornwall, Uingereza, kilitengenezwa chombo kinachojulikana kwa jina la C-POD, kisha mrithi wake F-POD. Ni bomba la plastiki lenye kinasasauti cha majini upande mmoja na betri ndani yake. Hufungwa kwenye kamba yenye nanga chini na boya juu, kikaachwa majini miezi kadhaa. Kila pomboo anayepita umbali wa mita mia chache na kutoa milio, chombo huandika saa na namna ya mlio. Hakihifadhi sauti nzima, huandika alama tu, kama karani wa lango anavyoandika saa ya kuingia na kutoka. Baada ya miezi hiyo meli hukitoa, na wataalamu husoma daftari lake: siku fulani wanyama walikuwapo, nyundo ikaanza, wakatoweka, wakarudi baada ya saa kadhaa.

Chombo hicho ni kizuri kwa elimu. Bila hicho tusingejua habari za kilometa 20. Lakini hakimwokoi mnyama aliyepo leo, maana habari yake huja kazi ikiwa imekwisha.

Aina ya pili ni chombo kinachosema papo hapo. Huko Marekani, taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole katika jimbo la Massachusetts iliunda maboya yenye vinasasauti vya majini na kompyuta ndogo inayotambua miito ya nyangumi. Kila baada ya muda boya hutuma muhtasari kwa setilaiti mpaka nchi kavu. Huko mtaalamu anakaa na kuhakikisha: huu ni mwito wa nyangumi kweli, au ni kelele ya meli? Mashine hupendekeza, mtu huamua. Kadhalika, karibu na mahali pa kupigilia huwekwa vinasasauti vya majini ambavyo msikilizaji huvifuata kwa masikio na kwa kioo cha kompyuta wakati kazi ikiendelea.

Katika kila kiwanda kuna daftari la ajali. Linaandikwa baada ya kidole kukatika. Daftari hilo ni la lazima, na tunalitaka liandikwe kwa ukweli. Lakini mfanyakazi anahitaji pia kitu kinachosema kabla kidole hakijakatika.

4. Macho hayajastaafu

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya kupatikana mashine hizi, watazamaji wenye darubini wameondolewa. Sivyo. Nyangumi akinyamaza, mashine ya kusikiliza haimpati. Ukungu ukishuka, mwenye darubini haoni. Usiku hutumika kamera inayoona joto, ambayo huonyesha pumzi ya nyangumi ikiruka juu ya maji baridi. Lakini mvua na mawimbi huizuia. Kila chombo kina upofu wake, ndiyo maana hutumika kwa pamoja.

Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2010. Kabla ya kuanza kupigilia, mtazamaji hutazama eneo la mita 500 kuzunguka bomba kwa muda usiopungua dakika 30. Akimwona mnyama, kazi haianzi mpaka aondoke. Kisha nyundo huanza kwa mapigo madogo na kuongezwa nguvu kidogo kidogo kwa muda usiopungua dakika 20, ili aliyefichika apate nafasi ya kukimbia.

Vipo vyombo vingine pia. Ndege huruka juu ya bahari zikipiga picha, na wataalamu huhesabu wanyama katika picha hizo. Nchi za Ulaya zimefanya hesabu kubwa ya pamoja mwaka 1994, 2005, 2016 na 2022, na zimekadiria kwamba pomboo wadogo katika Bahari ya Kaskazini ni zaidi ya laki tatu. Kwa nini wahesabu? Kwa sababu usipojua ulikuwa na ng'ombe wangapi jana, huwezi kumshtaki mwizi leo. Mtu wa kiwanda ashike neno hili. Ukipimwa masikio siku unayoandikwa kazi, cheti chako ni ushahidi. Usipopimwa, baada ya miaka 15 mwajiri atasema ulikuja kiziwi.

Sili naye hufuatwa kwa njia yake. Huyu ni mnyama wa baharini mwenye manyoya mafupi, anayelala ufukweni na kuwinda majini. Wataalamu wa chuo kikuu cha St Andrews, Scotland, humgundishia manyoyani chombo kidogo kinachotuma habari za mahali alipo kama simu ya mkononi. Manyoya yakibadilika, chombo huanguka chenyewe. Mwaka 2014 walitangaza kwamba baadhi ya sili waliofuatiliwa huko Alpha Ventus na Sheringham Shoal walikuwa wakienda kutoka mnara mmoja hadi mwingine kwa mistari iliyonyooka, kama mchuuzi anayepita duka hadi duka. Samaki hukusanyika kwenye misingi ya minara, na sili walikuwa wamegundua.

5. Kanuni yenye namba

Ujerumani ilifanya jambo ambalo kila tawi linapaswa kulijua. Ofisi ya serikali inayosimamia bahari, iliyoko Hamburg, iliweka namba katika vibali vya ujenzi: ukipima umbali wa mita 750 kutoka kwenye bomba, sauti ya pigo moja isizidi desibeli 160. Vipimo huwekwa majini, na matokeo hupelekwa kwa ofisi hiyo.

Hapa tuweke maelezo mawili. La kwanza: desibeli hazipandi kama shilingi. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. La pili: desibeli za majini hupimwa kwa msingi tofauti na za hewani, kwa hiyo mtu asizilinganishe moja kwa moja na za kiwandani.

Mwanzoni kampuni hazikuweza kuifikia namba hiyo. Katika viwanja vya kwanza nyundo zilipita kiwango. Lakini serikali haikuifuta namba. Kwa kuwa namba ilibaki, mafundi walilazimika kutafuta njia, na njia ikapatikana: pazia la mapovu. Bomba laini lenye matundu madogo hulazwa sakafuni mwa bahari kuzunguka mahali pa kazi. Kompresa zilizo juu ya meli husukuma hewa ndani yake, na mapovu hupanda toka chini mpaka juu kama ukuta. Sauti ikitoka majini na kukutana na hewa hugonga na kutawanyika. Pazia zuri hupunguza desibeli 10 au zaidi, yaani sehemu tisa katika kumi za nguvu ya sauti huzuiliwa. Baadaye yakawekwa mapazia mawili, moja nje ya jingine.

Wengine wakaenda mbele zaidi wakaiondoa nyundo kabisa. Pwani ya Scotland mwaka 2017 ilifunguliwa mitambo mitano inayoelea, iliyofungwa kwa minyororo na nanga. Mitambo hiyo haikuhitaji kupigiliwa misingi.

Tazameni utaratibu huo, ndugu. Kwanza ondoa kelele. Ukishindwa, izuie pale inapotoka. Mwisho kabisa ndipo umwambie asikilizaye ajikinge. Pomboo hawezi kuvaa vizibo vya masikio, kwa hiyo waajiri wamelazimika kuanza na hatua mbili za kwanza. Sisi kwa kuwa tunaweza kuvaa vizibo, tunapewa vizibo na mazungumzo yanaishia hapo, tena siku vizibo vinapokuwapo. Mtambo uliolegea bolti na kupiga kelele mara mbili hautengenezwi, kwa sababu masikio ya mtu ni rahisi kuliko fundi.

6. Mtazamaji na haki zake

Sasa tumefika kwenye swali la kichwa cha somo.

Pwani ya mashariki ya Marekani yuko nyangumi ambaye jamii yake imebaki na wanyama wasiozidi 400. Wawindaji wa zamani nusura wammalize. Mwaka 2019 kampuni ya Vineyard Wind ilikubaliana na vyama vitatu vya kulinda mazingira kwamba katika uwanja wake wa mitambo 62 hakutakuwa na kupigilia kuanzia Januari mpaka mwisho wa Aprili, miezi ambayo nyangumi hao hupita kwa wingi. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi wa ujenzi wa jimbo hilo.

Vibali vya serikali kwa kazi za namna hiyo viliweka masharti juu ya watazamaji. Tuyahesabu:

(a) Mtazamaji aajiriwe na mtu wa tatu, asiwe mtu wa kampuni inayojenga.

(b) Awe na kazi hiyo tu. Asipewe kazi nyingine juu yake.

(c) Asitazame zaidi ya saa 4 mfululizo. Apumzike saa 2 kabla ya zamu nyingine. Kwa siku nzima asizidi saa 12.

(d) Awe amefundishwa na kukubaliwa na ofisi ya serikali.

(e) Akiona mnyama ndani ya eneo lililokatazwa, ana uwezo wa kuagiza kazi ichelewe au isimame. Kazi haiendelei ila pale tu ambapo kusimama kungehatarisha maisha ya watu au usalama wa bomba lenyewe.

Tuulize kila sharti liliwekwa kwa nini. Sharti la kwanza ni kwa sababu mtu anayelipwa na msimamizi huona kile msimamizi anachotaka aone. La pili ni kwa sababu mtu mwenye kazi mbili hufanya ile anayogombezwa kwayo. La tatu ni kwa sababu jicho lililochoka ni jicho lililofumba. La nne ni kwa sababu asiyejua hawezi kubishana na injinia. Na la tano ndilo roho ya yote. Ukiondoa la tano, mtazamaji amekuwa mtu wa kuhesabu maiti.

Mfano wa karibu nasi upo, ingawa si wa baharini. Katika uwanja wa mitambo ya upepo wa Kipeto, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, wamewekwa watu wa kutazama tai wakubwa wanaokula mizoga. Tai akikaribia, mtambo husimamishwa mpaka apite. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba haki ya namna hiyo haiwezekani Afrika.

Sisi waandaaji wa chama tumeingia viwanda vingi tukakuta "ofisa wa usalama" ambaye ni msaidizi wa meneja, na aliye pia mtunza stoo, na anayefanya zamu mbili siku ya mishahara. Karatasi yake imejaa alama za vema. Katika kiwanda kimoja tulimwuliza: ukiona mkanda wa mashine hauna kifuniko, waweza kuizima? Akacheka, akajibu kwamba angezima kazi yake mwenyewe. Mtu huyo hana kosa. Hakupewa hata moja katika masharti yale matano.

7. Tujihadhari na uvumi

Katika majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023, nyangumi kadhaa walikutwa wamekufa kwenye fukwe za New York na New Jersey. Watu wengi wakasema ni mitambo ya upepo. Ofisi ya serikali ya Marekani inayohusika na wanyama wa bahari ilichunguza na kueleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuunganisha vifo hivyo na kazi ya mitambo. Kati ya nyangumi wa nundu waliochunguzwa miili yao katika pwani hiyo tangu mwaka 2016, karibu 40 katika kila 100 walikuwa na dalili za kugongwa na meli au kunaswa na nyavu na kamba za uvuvi.

Hata hivyo tusiseme kwamba mitambo haina athari yoyote. Vipimo vya Nysted, Denmark, vilionyesha pomboo wadogo wamepungua kwa miaka mingi baada ya ujenzi, wakirudi pole pole. Vipimo vya Egmond aan Zee, Uholanzi, vilionyesha wamekuwa wengi ndani ya uwanja kuliko nje. Bahari si moja. Mpenzi wa mitambo akikuletea Egmond peke yake, mwulize juu ya Nysted. Na mpinzani akikuletea Nysted peke yake, mwulize juu ya Egmond. Chama kinachodai haki kwa ushahidi nusu hushindwa siku ushahidi wa pili unapoletwa mezani.

8. Tumejifunza nini

Chombo cha kupima peke yake hakimlindi mtu wala mnyama. Kinaanza kulinda pale vinapokutana vitu vitatu: kanuni yenye namba, mtazamaji aliye huru na aliyepumzika, na amri ya kusimamisha kazi.

Kwa upande wetu vitu hivyo vina majina. Mkataba wa 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unahusu hewa chafu, kelele na mtetemo mahali pa kazi. Wataalamu wengi hushauri kelele za kiwandani zisizidi desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Mitambo ya kufumia mara nyingi hupita 90. Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa ya papo hapo. Na mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliamua kwamba mahali pa kazi palipo salama ni mojawapo ya haki za msingi, na kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu hata kama haijatia sahihi mikataba inayohusika.

Kwa hiyo, mnapokwenda kwenye meza ya majadiliano, msiombe mashine ya kupimia kelele peke yake. Mwajiri atainunua kwa furaha na kuifungia kabatini. Ombeni mashine pamoja na namba, mtu na amri. Andikeni vyote vinne katika mkataba mmoja.

Hatuwaonei wivu pomboo. Waliowapigania walifanya kazi njema, na walishinda kwa kupima, kuandika na kusimama pamoja. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumzia katika tawi

1. Katika idara yako, ni kelele ipi kubwa zaidi? Inatoka wapi, na je, ingeweza kuondolewa au kuzuiwa pale pale inapotoka?

2. Ni wanachama wangapi katika tawi waliopimwa masikio siku ya kuandikwa kazi? Vyeti vyao viko wapi?

3. Mwakilishi wa usalama kazini kwenu analipwa na nani, ana kazi ngapi, na hupumzika saa ngapi?

4. Akiona hatari, ana amri ya kuzima mashine? Kama hana, andikeni kifungu kimoja cha kumpa amri hiyo, mkilete kwenye mkutano ujao.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.